Jino kwa Jino

Dereva anaijua injini yake, anazijua breki zake, na matairi anayajua mpaka mwaka yalipotengenezwa. Muulize difu ya gari lake ina meno mangapi, atacheka. Difu nzima haina habari. Ukifungua boneti huioni, kwenye dashibodi haina taa, na mwenye gari huikumbuka siku anapokuta mafuta yamedondoka alipoegesha, au mlio unapoanza chini ya kiti cha nyuma. Fundi wake naye yuko hivyo hivyo. Fundi injini anasifiwa vijiweni, fundi umeme anapigiwa simu usiku wa manane. Fundi difu yumo uvunguni, amelalia kadibodi, na ukitaka kumsalimia huna budi kuinama. Nami nasema katika kazi zote za gereji hakuna inayompima mtu kama hiyo.

Tazama kwanza chombo chenyewe. Propela inaleta mzunguko kutoka kwenye giaboksi, ikifuata urefu wa gari; magurudumu yanataka mzunguko uliokaa kimkingamo. Pinioni, ile gia ndogo yenye shingo ndefu iliyofungwa mwisho wa propela, huisukuma krauni, pete kubwa ya meno, na nguvu ikageuka upande. Papo hapo mwendo unapungua na nguvu inaongezeka. Kwenye Land Cruiser nyingi za zamani krauni ina meno 37 na pinioni meno 9, kwa hiyo propela huzunguka mara 4.11 ndipo gurudumu likamilishe mzunguko mmoja. Namba hizo hazikuokotwa barabarani. Hakuna namba inayozigawa zote mbili isipokuwa 1, na kwa sababu hiyo jino lolote la pinioni hupita kwa kila jino la krauni kabla ya kumrudia jirani wake wa kwanza. Mzunguko huo mzima huchukua mizunguko 9 ya gurudumu, yaani mita 22 hivi za barabara. Jino lenye kasoro haliwezi kumwonea mwenzake mmoja siku zote. Uchakavu unagawanywa kwa haki.

Kisha kuna kona. Gari lenye mita 1.45 kati ya gurudumu la kushoto na la kulia likikata kona ya pembe mraba, gurudumu la nje husafiri mita 2 na robo hivi zaidi ya la ndani. Iwe kona ya uchochoro au ya barabara kuu, hesabu ni ile ile. Magurudumu yote mawili yangefungwa kwenye chuma kimoja, tairi moja lingeburuzwa kila kona mpaka liishe. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alilimaliza tatizo hilo mwishoni mwa miaka ya 1820, akiwa na gari la mvuke, kabla injini ya petroli haijafikiriwa kuwekwa barabarani. Ndani ya krauni zinakaa gia ndogo ambazo mafundi wetu huziita spaida. Gari likienda moja kwa moja zimetulia tu, zinabebwa. Kona ikija zinazunguka zenyewe, zikilipunguzia gurudumu moja mwendo na kuliongezea jingine kiasi kile kile.

Miaka ya 1920 kampuni ya Gleason ya Rochester, huko New York, iliyokuwa ikitengeneza mashine za kukata gia, ilipata namna ya kuishusha pinioni chini ya kitovu cha krauni, na magari ya Packard yakatangulia kuitumia. Pinioni ikanenepa, propela ikashuka, sakafu ya gari nayo ikashuka. Lakini tangu hapo meno hayagusani tu, yanaserereka jino juu ya jino, tena chini ya mgandamizo ambao oili ya injini haiwezi kuuhimili. Ndiyo maana oili ya difu inanuka vile. Ule ni uvundo wa salfa, iliyotiwa makusudi iungane na chuma na kufanya utando pale oili yenyewe inapokamuliwa ikaisha. Kopo lake huandikwa GL-5. Mwenye kopo hilo asiwe mkarimu mno akalimimina na kwenye giaboksi ya zamani, maana dawa ile ile inayookoa meno ya difu inaweza kuzila pete za shaba za giaboksi.

Fundi ninayemwona mbele yangu ninapoandika haya ni mzee mmoja wa Arusha, ambaye kwake hupelekwa magari ya watalii yakirudi kutoka Serengeti na Ngorongoro. Magari hayo yanabeba watu saba na mizigo yao, yanakula vumbi miezi ya kiangazi na tope jeusi linalonata miezi ya masika, na hushuka kwenye bonde la Ngorongoro, mita 600 chini ya ukingo wake, na kulipanda tena jioni. Difu iliyopita huko inafika gerejini na mengi ya kusema.

“Shikamoo, mzee. Difu inalia, naomba unibadilishie beringi.”

“Marahaba. Nani kakuambia ni beringi?”

“Jamaa wa pale stendi.”

“Haya, twende tukaisikilize.”

Wanatoka na barabara ya Kisongo, mzee akiwa amekaa nyuma, kioo kimefungwa. Kwa mwendo wa kilomita 70 au 80 anamwambia dereva akanyage mafuta, kisha aachie, kisha ashikilie mwendo bila kuongeza wala kupunguza. Difu inayolia ukikanyaga na kunyamaza ukiachia ina ugonjwa upande wa meno unaosukuma. Inayolia ukiachia, mara nyingi pinioni imelegea kwenye beringi zake. Mngurumo usiojali mguu wa dereva, unaokua tu kadiri mwendo unavyokua, hizo ndizo beringi. Mgongano wa chuma unaosikika ukitoka gia ya mbele kwenda rivasi unaweza kuwa difu, lakini krosi za propela zikishakufa hutoa mlio huo huo, na bei yake haifiki hata robo. Kuna hata mlio wa matairi. Huo unabadilika gari likiacha lami na kuingia kwenye changarawe. Wa difu unakuja nawe. Wateja wangapi wameuziwa krauni mpya kwa mlio wa tairi, Mungu ndiye ajuaye.

Gari likirudi, kizibo cha chini kinafunguliwa na mzee haangalii difu, anaangalia oili. Kizibo kina sumaku. Unga wa chuma uliolainika kwenye sumaku hiyo ni uzee wa kawaida. Chembe unayoweza kuishika kwa kucha ni kipande cha jino au cha beringi, na hapo hakuna ubishi tena. Oili ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Yameingiaje, na hausingi ni chuma kitupu? Difu hupata joto barabarani, na hewa iliyomo ndani hutanuka na kutoka kwa kijitundu cha kupumulia. Dereva akilitumbukiza gari mtoni likiwa bado la moto, hewa inasinyaa ghafla na difu inavuta pumzi. Kijitundu kikiwa kimezibwa na tope, inavuta kupitia kwenye sili za magurudumu, na inachovuta ni mto. Mpira wa mita moja uliopandishwa kutoka kwenye kijitundu hicho mpaka usawa wa boneti ungeokoa difu nyingi kuliko dawa zote zinazouzwa kwenye makopo. Ni maboresho ya bei ya nauli ya daladala, na bado magari mengi hayana.

Hafu shafti zikishavutwa na propela kufunguliwa, difu ya Land Cruiser hutoka mbele ya hausingi ikiwa nzima, mzigo wa watu wawili, na kuwekwa mezani. Kabla hajalegeza bolti hata moja, mzee anachukua senta panchi na kugonga alama: nukta moja kwenye kifuniko cha beringi cha kushoto, nukta mbili cha kulia. Vifuniko hivyo vilichongwa kiwandani vikiwa vimefungwa mahali pake. Ukivibadilisha nafasi, tundu la beringi halitakuwa duara tena, na hakuna utakachofanya baada ya hapo kikakaa sawa. Kazi ya nusu dakika hiyo ndiyo inayonijulisha niko kwa fundi wa aina gani.

Krauni mpya inabana sana kwenye kesi yake, ile inayobeba spaida, na fundi mwenye haraka huipigilia kwa nyundo. Mzee huichemsha. Anaiweka kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa mpaka maji yatokote, anaitoa kwa koleo, anaipangusa ikauke, na kuidondosha mahali pake kabla haijapoa. Chuma kilichotanuka kinaingia bila kupigwa. Watengenezaji wenyewe wa Toyota wanaagiza hivyo. Bolti zinakazwa kwa kuvukana, hii kisha ile ya upande wa pili, wala si kwa kufuatana. Siku ya kazi hiyo chai ya saa nne inachelewa pale gerejini, kwa kuwa sufuria na jiko vimeshikwa.

Mpaka hapo, mtu yeyote mwangalifu mwenye spana angeweza. Sasa inaanza kazi ya difu.

Pinioni haina budi kukaa kwenye kina chake hasa kuelekea kitovu cha krauni, na kina hicho kinapangwa kwa shimu, pete nyembamba inayokaa kati ya kichwa cha pinioni na beringi yake. Shimu za Toyota hupishana kwa milimita 0.03. Karatasi ya daftari ina unene wa milimita 0.1 hivi. Ukikosea kwa unene wa karatasi hiyo difu itafungika, itazunguka, gari litaondoka, na pengine mwezi hautaisha kabla mlio haujarudi. Kwa kila shimu inayojaribiwa beringi lazima ing’olewe kwa presi na kurudishwa, na beringi haivumilii mchezo huo. Mzee ana dawa yake: beringi kuukuu aliyoisaga tundu la ndani kwa grinda mpaka ikawa inaingia na kutoka kwa mkono. Ameiandika kwa rangi nyekundu asije kijana akaifunga kwenye gari la mtu. Hiyo ndiyo ya kujaribia. Beringi mpya itapigwa presi mara moja tu, vipimo vikishatimia.

Anapaka meno machache ya krauni rangi ya njano ya mafuta, nyembamba, kwa brashi iliyokatwa ikawa fupi. Anamwambia kijana aizuie krauni kwa kipande cha mti ili meno yabanane, kisha anaizungusha pinioni mbele na nyuma. Pale meno yanapokutana rangi inakimbia. Pale yasipogusana inabaki. Hapo ndipo mzee anapovaa miwani. Alama ikiwa juu, karibu na kilele cha jino, pinioni iko mbali, inataka shimu nene zaidi. Ikiwa chini shinani, pinioni imezama mno. Ikikimbilia ncha ya ndani ya jino, krauni imesogezwa karibu kupita kiasi. Ikikimbilia ncha ya nje, imeachwa mbali. Anayoitaka ni alama ndefu ya mviringo, imetulia katikati ya uso wa jino, isiyogusa ukingo wowote. Na jino lina nyuso mbili, mmoja wa kusukuma gari na mmoja wa kulizuia kwenye mteremko, kwa hiyo anasoma pande zote. Alama ya mbele inaweza kupendeza huku ya nyuma ikisema uongo, na hapo anafungua tena. Nimewaona mafundi wakiridhika na upande wa mbele peke yake. Magari yao huyasikia ukiwa kwenye mteremko wa Kitonga, mguu umeachia mafuta.

Bado kuna nafasi ya kupumua kati ya meno ya krauni na ya pinioni. Inapimwa kwa geji ya mshale iliyogusishwa kwenye jino la krauni, na kwa difu nyingi za ukubwa huu hutakiwa iwe karibu na milimita 0.15. Inapangwa kwa nati mbili kubwa zenye matundu, kushoto na kulia. Unalegeza huku kiasi unachokaza kule. Ukiigusa nafasi hiyo, alama ya rangi inahama. Ukiirekebisha alama, nafasi inahama. Fundi anakwenda na kurudi kati ya hizo mbili, na subira ninayoizungumzia ni hiyo.

Mwisho ni mkazo wa beringi za pinioni. Kati ya beringi hizo mbili, kwenye difu nyingi, kuna bushi ya chuma laini iliyotengenezwa ili ibonyee. Nati ya pinioni inakazwa kwa spana iliyochomekwa bomba refu, watu wawili wakining’inia, na bushi inabonyea kidogo kidogo mpaka beringi zibanwe kiasi chake. Ukipitisha, hakuna kulegeza nati ukasema yaishe. Bushi ikishabonyea haiinuki, inatupwa, na unaanza na nyingine. Kipimo cha mkazo huo ni namna pinioni inavyokataa kuzunguka. Mzee anazungushia uzi kwenye flenji ya pinioni, pale propela inapofungwa, anaufunga kwenye mizani ya ndoano, ile ya wauza samaki, na kuuvuta polepole. Mshale unasoma kilo chache. Anazizidisha na nusu ya kipenyo cha flenji hiyo, analinganisha na kitabu, anakaza robo ya robo, anavuta tena. Wapo wanaoliona jambo hilo la kienyeji. Kwangu mimi ni hesabu safi, na ni sahihi kuliko ya mafundi wanaozungusha pinioni kwa kiganja na kusema “hapo poa.”

Sokoni pia kuna sheria. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani zikiwa zimeshikana, kisha huandikwa namba moja. Ni mke na mume. Pale Gerezani, Dar es Salaam, na kwenye mafungu ya vipuri vilivyotumika vya Japani na Dubai, utauziwa krauni ya gari hili na pinioni ya gari lile, meno yamelingana kwa hesabu, bei ya kukutoa udenda. Usinunue. Seti kuukuu yenye namba moja na alama nzuri ya uchakavu itakufikisha mbali; mbili zilizookotwa mahali tofauti zitalia tangu siku ya kwanza, na hata mzee wa miwani hawezi kuzipatanisha.

Kuna wanaokuja difu ikiwa nzima, wanataka iwe bora. Hapo mzee hushika kalamu kabla ya spana. Chukua gari la meno 37 kwa 9 ambalo mwenyewe amelivalisha matairi makubwa kwa asilimia 10, apate kimo cha kupita kwenye mawe. Sasa gari ni zito kwenye mlima, na spidomita ikionyesha 100 kumbe anakwenda 110. Ukimwekea seti ya meno 41 kwa 9, ambayo ni 4.56, gari linarudi karibu kabisa na nguvu yake ya kiwandani, na spidomita inarudi kwenye ukweli, tofauti isiyofika asilimia 1. Lakini mtu huyo huyo akiitaka 4.56 na matairi yale yale ya zamani, ya mita 2.5 kwa mzunguko, kwenye gia ya nne, ile ya moja kwa moja, injini itazunguka kama mara 3,040 kwa dakika akiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, badala ya 2,740. Mlimani atafurahi. Njiani kwenda Dodoma atalipia dizeli. Na gari la kuvuta magurudumu yote manne halibadilishwi difu moja. Ya mbele na ya nyuma ziwe na uwiano mmoja, la sivyo siku ukiingiza foo-wili kwenye lami kavu zitavutana mpaka mojawapo ivunjike.

Maboresho ninayoyaheshimu ni yale yasiyoonekana. Kesi ya spaida nne badala ya mbili, mzigo ugawanywe. Bushi ngumu isiyobonyea badala ya ile laini, ipangwe kwa shimu zake, ili mkazo wa pinioni usiteleze baada ya miaka ya kugongwa na mashimo. Na loki. Difu ya kawaida ina udhaifu mmoja: gurudumu moja likikanyaga tope, nguvu inakimbilia huko, na lile lililo kwenye ardhi ngumu linabaki limesimama. Toyota waliweka loki ya umeme kwenye baadhi ya Land Cruiser tangu miaka ya 1990, na kampuni ya ARB ya Australia inauza ya upepo yenye kompresa yake. Unabonyeza, magurudumu mawili yanakuwa kitu kimoja, unatoka, unafungua. Wapo wanaopata matokeo hayo kwa bei ya fimbo chache za kuchomelea, wanaunganisha spaida zisizunguke kabisa. Gari la shambani lisilotoka shambani, sawa. Kwa gari la barabarani ni upuuzi. Kila kona tairi linaburuzwa, hafu shafti zinapindwa, na mvua ikinyesha gari linakataa kufuata usukani.

Linalonikera ni bei. Mteja atalipa krauni bila kunung’unika kwa sababu ameishika mkononi, inang’aa na ina boksi. Ukifika ufundi anaanza kuomba apunguziwe, “si umefunga tu, mzee wangu?” Hajui kwamba ndani ya huko kufunga kuna shimu nne zilizojaribiwa na kukataliwa. Difu iliyopangwa vizuri haitoi ushahidi wowote. Inanyamaza, na mwenye gari anadhani amelipia kimya.

Basi ukiwa na difu inayolia, mtafute fundi anayetaka kuisikiliza kwanza, na ukimpata mwachie gari siku mbili bila kumpigia simu. Mwombe akuonyeshe alama ya rangi kwenye meno, pande zote mbili, kabla hajafunga. Mwenye kazi yake atafurahi kukuonyesha. Ukishalichukua gari, safari ya kwanza iwe fupi, dakika 20 hivi, kisha liache lipoe kabisa, maana meno mapya hutoa joto jingi mpaka yazoeane. Usivute tela wala usipakie mzigo mzito kwa kilomita 800 za mwanzo. Zikitimia, rudi ukamwage oili yote hata kama inaonekana mpya, uweke nyingine.